Hatifungani ya kijani: nani analipa, na pesa inakwenda wapi?

SWALI: Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Pangani. Tuna akiba ya shilingi milioni 12. Ofisa wa benki alitutembelea akatushawishi tununue hatifungani ya kijani, akasema pesa yetu itatunza mazingira huku tukipokea riba kila miezi sita. Wenzangu wanauliza: pesa itakuwa salama? Hicho kijani ni cha kweli au ni jina la kuuzia? Na sisi tunaopanda mikoko, kwa nini tusipewe fedha hizo badala ya kuzitoa? Wapo pia wanaosema hii ni riba iliyokatazwa katika dini.

JIBU: Bi Mhazini, wenzako wameuliza maswali ambayo wanunuzi wengi wenye mabilioni hawaulizi. Nitaanza na la usalama, maana ofisa wa benki bila shaka alianza na mazingira.

Hatifungani ni mkopo. Nyinyi mnamkopesha mtoaji, iwe benki, kampuni, mamlaka ya maji au serikali. Yeye anaahidi riba kwa tarehe zilizotajwa na mtaji wote siku hatifungani inapoiva. Ikiitwa ya kijani, huongezeka ahadi moja tu: kwamba fedha zitatumika kwenye miradi yenye manufaa kwa mazingira, kama maji, umeme wa jua, majengo yanayobana matumizi ya nishati au utunzaji wa taka. Ahadi hiyo haibadilishi nani anawalipa. Katika hatifungani nyingi za kijani anayelipa ni mtoaji kwa mapato yake yote, mradi ufaulu usifaulu. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu miti wala maji. Ni hili: huyu tunayemkopesha anapata pesa wapi, na atakuwa bado anaipata miaka mitano au kumi ijayo?

Mfano mnao karibu na nyumbani. Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, yaani Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila nusu mwaka. Wanunuzi walileta zaidi kidogo ya kilichoombwa, takriban asilimia 103, kisha ikaorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam (DSE). Lengo lilikuwa kupanua na kuboresha miundombinu ya maji ya Jiji la Tanga na miji ya jirani, maji ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani.

Nani anailipa hiyo riba? Ni wateja wa maji, kupitia ankara zao. Hii ni hatifungani ya mapato. Kwa hiyo ningekuwa naipima, ningeweka pembeni picha za bwawa na kutafuta mambo ya kuchosha: maji kiasi gani yanapotea njiani kabla ya kufika kwenye mita, taasisi za umma zinadaiwa kiasi gani na zinalipa lini, na bei ya maji inapangwa na nani. Hili la mwisho ni zito. Mamlaka ya maji haijipandishii bei; inaomba EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na EWURA inaangalia pia maslahi ya mtumiaji. Gharama za umeme wa pampu zikipanda na bei ya maji ikabaki palepale, pengo linatoka kwenye fedha zilezile zinazotakiwa kulipa riba. Sisemi hivyo kuitia doa Tanga UWASA. Nasema mamlaka yoyote ya maji inasimama au inaanguka hapo, na hakuna kijani kinachoweza kuibeba.

Sasa linganisha na Benki ya CRDB. Mwaka 2023 iliuza hatifungani yake iliyoiita Kijani, ya miaka 5, kwa riba ya asilimia 10.25. Iliomba shilingi bilioni 40. Zikaja bilioni 171.83, zaidi ya mara nne. Angalia hizo riba mbili: aliyetoa 10.25 alikimbiliwa, aliyetoa 13.5 alipata alichoomba na chenji kidogo. Muda wake ni tofauti na hali ya soko ilibadilika kati ya mauzo hayo mawili, lakini mimi nasoma hapo jambo moja la msingi. Zote zilikuwa za kijani. Kilichopangiwa bei na wanunuzi ni jina la mkopaji na urefu wa muda.

Hata Ulaya ni hivyo. Tangu Septemba 2020 Ujerumani huuza hatifungani pacha: moja ya kawaida na moja ya kijani, zenye tarehe ileile ya kuiva na riba ileile. Ni jaribio safi kuliko lolote nililowahi kuliona katika kazi hii, kwa sababu mkopaji ni yuleyule na kilichobaki tofauti ni kijani na wingi wa zilizopo sokoni. Wanunuzi wanakubali faida ndogo zaidi kwa ile ya kijani, ndiyo, lakini tofauti ni ya sehemu chache za mia za asilimia moja. Kwa hiyo ofisa akikwambia kijani kinaleta faida kubwa zaidi, muulize anaitoa wapi.

Tufanye hesabu. Tuseme katika milioni 12 mnaweka milioni 5 kwenye hatifungani ya asilimia 13.5. Kwa mwaka mnapata shilingi 675,000, yaani 337,500 kila miezi sita. Kodi nayo iangalieni: Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliondoa kodi ya zuio kwenye riba ya hatifungani za kampuni na za manispaa zilizoorodheshwa DSE, lakini sheria hizo huguswa kila Juni, kwa hiyo dalali awathibitishie hali ya siku mnayonunua.

Lakini msiniulize tu mnapata ngapi. Niulizeni mnaweza kutoka lini. Hatifungani huuzwa kabla ya kuiva kupitia DSE, ila soko la hatifungani za kampuni na taasisi kwetu ni jembamba. Wengi hununua wakakaa nazo hadi mwisho, na mwenye haraka anaweza kungoja mnunuzi kwa muda mrefu. Pia bei haisimami. Tuseme imebaki miaka 8, na hatifungani mpya za aina hiyo zinatoa asilimia 16. Nani atanunua yenu ya 13.5 kwa bei kamili? Mtalazimika kuiuza kwa kama shilingi 89 kwa kila 100. Milioni 5 yenu inakuwa milioni 4.45 hivi. Mkiishikilia hadi iive mnalipwa yote, mradi mtoaji yupo na analipa. Riba sokoni zikishuka, nayo hupanda bei, na hapo mwenye kuuza ndiye anayecheka.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinaishi kwa kukopesha. Mwanachama akifiwa au ada za shule zikifika, hamuwezi kumwambia asubiri mpaka 2034. Ndiyo maana milioni 12 zote kwenye hatifungani moja nisingekubali hata mtoaji awe nani. Ningegusa ile sehemu tu ambayo katika miaka mitatu iliyopita haikuwahi kutoka kwenye sanduku, na kama sehemu hiyo ni ndogo, mfuko wa pamoja unaowekeza kwenye hatifungani, kama ule wa UTT AMIS, kampuni ya umma ya kusimamia mifuko hiyo, unaruhusu kutoa pesa bila kumtafuta mnunuzi sokoni. Faida yake si ya uhakika kama riba iliyoandikwa kwenye hati. Kwa watu wa hali yenu, urahisi wa kutoka una thamani kuliko asilimia moja au mbili.

Na jambo dogo la utaratibu ambalo huvunja vikundi: akaunti ya dhamana kwa dalali ifunguliwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, kwa muhtasari wa kikao na watia saini mliowachagua. Isifunguliwe kwa jina la mwenyekiti “kwa muda tu”.

Tuje kwenye kijani. Chimbuko la bidhaa hii si Afrika. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa ya kwanza mwaka 2007, ya euro milioni 600. Novemba 2008 ikafuata Benki ya Dunia, baada ya mifuko ya pensheni ya Sweden kutaka mahali pa kuweka pesa penye usalama wa Benki ya Dunia na manufaa kwa tabianchi kwa pamoja. Mwaka 2014 zikaja Kanuni za Hatifungani za Kijani, ambazo leo karibu kila mtoaji anadai kuzifuata. Zinamtaka aeleze fedha zitatumika wapi, miradi itachaguliwaje, fedha zitafuatiliwaje, kisha atoe taarifa. Ni kanuni za hiari. Hazisemi mradi upi ni mzuri kwa mazingira. Zinasema: sema utafanya nini, kisha tuonyeshe ulifanya. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali kidogo. Hatifungani inayotaka kutumia lebo yake, iliyoanza Desemba 2024, lazima angalau asilimia 85 ya fedha ziende kwenye shughuli zinazotimiza vigezo vilivyoandikwa kisheria.

Kwetu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) huidhinisha waraka wa matarajio, yaani kitabu cha mtoaji chenye masharti na taarifa za hatifungani, kabla ya mauzo. Idhini hiyo maana yake taarifa zinazotakiwa zimetolewa. Haina maana kwamba serikali itawalipa mtoaji akishindwa, na nimekutana na watu wazima, wasomi, wanaoamini hivyo.

Je, ahadi ya kijani ikivunjwa inakuwaje? Kwa kawaida, mtoaji asipolipa riba amevunja mkataba na mnaweza kumdai kwa nguvu ya sheria. Akipeleka fedha za mradi wa maji kwenye magari ya ofisi, mara nyingi waraka hausemi kwamba deni lote linadaiwa papo hapo. Anachafua jina, atapata taabu kuuza tena, na basi. Wakati mwingine si yeye aliyeamua. Mexico City walianza kujenga uwanja mpya wa ndege Texcoco, juu ya kitanda cha ziwa la kale, na kati ya 2016 na 2017 zikauzwa hatifungani za kijani za dola bilioni 6 kwa ajili yake. Uwanja wa ndege, tena wa kijani! Uliandaliwa vizuri kwenye karatasi na ukapewa alama za juu. Mwaka 2018 akaja rais mpya, kura ya maoni ikaukataa, mradi ukafutwa ujenzi ukiwa umeshika kasi. Wenye hatifungani hawakupoteza. Serikali ilinunua tena sehemu ya dola bilioni 1.8 na zilizobaki zikaendelea kulipwa kwa ada za abiria wa uwanja wa zamani. Lakini kile walichoambiwa kuwa wanakijenga hakikujengwa. Deni lilitimia, kijani kikayeyuka. Nadhani hakuna kisa kinachoonyesha vizuri kuliko hiki kwamba ni ahadi mbili tofauti ndani ya hati moja.

Kuna visa vingine visivyo vya kelele. Mwaka 2017 kampuni ya mafuta ya Repsol ya Hispania iliuza hatifungani ya kijani ya euro milioni 500 ili viwanda vyake vya kusafisha mafuta vitumie nishati kidogo. Moshi ungepungua kweli. Lakini waandaaji wa faharasa za hatifungani za kijani, yaani orodha ambazo wawekezaji huzifuata, waliikataa, kwa hoja kwamba inarefusha maisha ya mafuta. Nami ningekataa.

Si kila jengo la kuwekewa shaka lakini. Kenya, kampuni ya Acorn ilitoa hatifungani ya kijani ya kwanza nchini humo mwaka 2019, ikapata shilingi za Kenya bilioni 4.3 kwa riba ya asilimia 12.25, kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi. Hosteli ina ukijani gani? Hapa palikuwa na kipimo: majengo yalitakiwa kupata cheti cha EDGE, ambacho kinadai upunguze angalau asilimia 20 ya nishati, maji na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi ukilinganisha na jengo la kawaida la mahali hapo. Unaweza kusema asilimia 20 ni kidogo. Sawa, lakini ni namba, na namba unaweza kuidai. Tena GuarantCo, kampuni ya kimataifa ya kutoa dhamana, iliahidi kulipa hadi nusu ya mtaji na riba Acorn ikishindwa. Dhamana ya namna hiyo ndiyo ningeitafuta kwenye waraka kabla ya picha yoyote ya mti.

Kwa hiyo ofisa akirudi, mwombe waraka wa matarajio na mfungue sehemu ya matumizi ya fedha. Angalieni kama miradi imetajwa kwa jina na mahali, au imeandikwa tu “miradi rafiki kwa mazingira”. Kisha mtafute kama fedha zinajenga kitu kipya au zinalipa mikopo ya zamani ya miradi ambayo tayari ipo. Kulipa mkopo wa zamani kunaruhusiwa na si wizi, ila pesa yenu itakuwa haijaongeza hata bomba moja. Kama mtoaji alishawahi kuuza hatifungani ya kijani, ombeni taarifa yake ya mwaka jana. Mamlaka ya maji iseme mita za ujazo na kaya zilizounganishwa. Benki iseme imekopesha nani na kwa nini. Taarifa yenye picha za watoto wanaonawa mikono bila takwimu, mimi huifunga.

Sasa mikoko, ambalo naona ndilo swali lenu la moyoni.

Kikundi chenu hakiwezi kutoa hatifungani. Kuandaa waraka, kulipa mwanasheria, mkaguzi wa hesabu, mshauri wa mauzo na mkaguzi wa kijani ni gharama inayobebeka kwa mabilioni. Njia ya watu wadogo ni kupitia tumbo la mkubwa: benki inauza hatifungani ya kijani, kisha inakopesha wadogo kwa fedha hizo. CRDB, kwa mfano, iliidhinishwa mwaka 2019 kupitisha fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa wa miradi ya tabianchi, na ina mikopo iliyolenga kilimo na tabianchi. Lakini hapo nanyi mnakuwa wakopaji. Mtatakiwa kurejesha, na kwa riba. Mkoko unazalisha samaki, unazuia bahari isile pwani, unahifadhi hewa ukaa kwenye tope, ila haumlipi mtu marejesho ya mwezi. Huo ndio mpaka wa hatifungani za kijani na watetezi wake huwa hawapendi kuuongelea: zinafaa panapokuwa na ankara. Maji yana ankara, umeme una ankara, hosteli ina kodi. Msitu wa mikoko hauna.

Shelisheli walijaribu kuvuka mpaka huo. Oktoba 2018 serikali yao iliuza hatifungani ya buluu, ndugu wa ile ya kijani kwa mambo ya bahari, ya dola milioni 15 kwa miaka 10. Riba ilikuwa asilimia 6.5. Kwa uvuvi endelevu na hifadhi ya bahari hiyo haibebeki, kwa hiyo Benki ya Dunia ikaweka dhamana ya dola milioni 5, na Mfuko wa Mazingira Duniani ukatoa mkopo nafuu wa dola milioni 5 wa kusaidia kulipa riba, hadi mzigo halisi wa Shelisheli ukashuka kuwa asilimia 2.8. Ilifanikiwa, nami naisifu. Ila ona ni misaada mingapi iliegemezwa nyuma ya mkopo wa milioni 15.

Wenzenu wa Gazi, Kwale, upande wa pili wa mpaka, walipita njia nyingine. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza viwango vya kaboni, yaani hati za hewa ukaa ambayo mikoko imeihifadhi, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni. Hawakukopa, wameuza. Kiasi si kikubwa, soko la kaboni lina ulaghai wake, na walisaidiwa na watafiti kwa miaka kabla ya senti ya kwanza. Hata hivyo kwa kazi mnayoifanya, huko ndiko kunakofanana nanyi.

Kuhusu dini, wanachama wanaokataa wana haki. Hatifungani hizi zote nilizotaja zinalipa riba. Ipo sukuk ya kijani, ambapo mwenye hati ana sehemu katika mali na anapokea mapato yake: kampuni ya Tadau Energy ya Malaysia ilitoa ya kwanza duniani mwaka 2017 kwa umeme wa jua huko Sabah, na Indonesia ikafuata 2018 kwa ngazi ya serikali, dola bilioni 1.25. Msiwalazimishe wanachama hao kwa kura ya wengi. Tengeni fungu lao.

Kwa mikoko, kabla ya kumtafuta mfadhili au mnunuzi yeyote wa kaboni, nendeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mikoko ya Tanzania ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo miche mliyoipanda kwa mikono yenu imesimama kwenye ardhi isiyo yenu. Ombeni makubaliano ya usimamizi wa pamoja yenye ramani, ukubwa wa eneo, na kifungu kinachosema mapato yakipatikana yanagawanywaje. Wakati mnangoja, anzeni daftari: tarehe ya kupanda, idadi ya miche, aina, na mingapi bado iko hai baada ya mwaka. Mtu yeyote atakayewajia na pesa, awe wa benki au wa kaboni, atataka kuliona.